Giaboksi isishushwe kabla sauti haijasikilizwa

WAFANYABIASHARA wanaopakia nyanya Ilula, mkoani Iringa, kupeleka Dar es Salaam wanaijua vema hasara ya gari kulala njiani. Nyanya hazimsubiri fundi. Tenga lililokaa juani siku mbili chini ya mlima Kitonga hufika sokoni kwa bei ya kutupa, na mwenye mzigo hujikuta akilipia gari bovu na mali iliyooza kwa wakati mmoja.

Ndiyo maana inashangaza kuona jinsi wenye pikapu na malori madogo wanavyozichukulia sauti za kukwaruza zinazotoka kwenye klachi na giaboksi. Wapo wanaoongeza sauti ya redio. Wengine hukimbilia gereji na kumpa fundi maneno mawili tu, "giaboksi inalia", naye fundi badala ya kuuliza swali anashika spana. Giaboksi inashushwa, spea zinanunuliwa, fedha zinalipwa, na safari ya kwanza tu sauti inarudi pale pale.

Lawama hapa si ya fundi peke yake. Mwenye gari ndiye anayeshinda nalo, hivyo ndiye anayepaswa kujua sauti ilianza lini, katika gia ipi, na kama husikika gari likiwa na mzigo au tupu.

Kipimo cha kwanza hakihitaji hata senti tano. Gari lisimame mahali tambarare, breki ya mkono ivutwe, gia iwe huru na injini iungurume taratibu. Kama kuna mkwaruzo mguu ukiwa nje ya klachi, na unanyamaza klachi ikikanyagwa, beringi ya mbele ya giaboksi ndiyo ya kushukiwa kwanza, kwa sababu shafti inayopokea nguvu ya injini huzunguka wakati huo na husimama klachi inapokata. Ikiwa ni kinyume chake, yaani sauti inaanza pale klachi inapokanyagwa, basi mshukiwa ni beringi ya klachi, au ile beringi ndogo iliyo katikati ya flaiwili kwa magari yaliyo nayo. Tofauti hiyo ni kubwa kwa mfuko, maana beringi ya klachi hubadilishwa bila kufungua matumbo ya giaboksi.

Mkwaruzo wa wakati wa kuingiza gia ni habari nyingine. Ukitokea katika gia zote, mara nyingi klachi haikati vizuri. Kabla ya kushusha chochote, fundi aangalie kiwango cha mafuta ya klachi, uvujaji kwenye silinda za juu na chini, au marekebisho ya waya kwa magari yanayotumia waya. Ukitokea katika gia moja tu, tuseme ya pili, klachi haihusiki sana; pete za shaba zinazolinganisha mwendo wa gia hiyo zimelika. Rivasi isihukumiwe haraka, kwani giaboksi nyingi hazina pete hizo kwenye rivasi. Dereva akanyage klachi, ahesabu hadi kumi, kisha aingize. Ikikwaruza bado, klachi haikati.

Kuna pia sauti ya gari likiwa kwenye mwendo. Katika pikapu nyingi zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma, gia ya nne hupitisha nguvu moja kwa moja bila kuibebesha shafti ya chini. Mlio unaosikika gia ya kwanza hadi ya tatu na kupungua sana ya nne huelekeza kwenye beringi za shafti hiyo. Usiobadilika kwa gia yoyote, ukifuata kasi ya gari tu hata gia ikiwa huru, pengine ni wa difu au beringi za magurudumu, na kushusha giaboksi kwa ajili yake ni kupoteza fedha.

Mafundi husema, na ni kweli, kwamba mengine hayaonekani mpaka kufunguliwa. Lakini hata hapo oili itangulie. Uji laini wa kijivu kwenye sumaku ya bolti ya kumwagia oili ni wa kawaida. Vipande vya chuma vinavyoshikika kwa vidole si vya kawaida. Oili inayorudishwa iwe ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, kwani ya difu, yenye alama ya GL-5, inaweza kuzila pete za shaba katika giaboksi zilizotengenezwa kutumia GL-4.

Giaboksi ikilazimika kushuka, ubahili wa kununua pleti peke yake na kuiacha beringi kuukuu haufai, maana kazi ya kuishusha tena italipiwa upya. Mwenye gari adai spea zilizotolewa azione, aizungushe beringi kwa mkono wake na kuisikiliza, kabla ya kutoa fedha.