Tusile mtaji wa maua yetu

Uwanda wa Kitulo, ulioko Makete na Mbeya, wenyeji huuita Bustani ya Mungu. Kuanzia Desemba hadi Aprili nyasi zake hujaa maua ya kila rangi, zikiwamo aina zaidi ya 40 za okidi zinazoota ardhini. Mwaka 2005 Serikali iliufanya Hifadhi ya Taifa, hasa kwa ajili ya mimea hiyo.

Pamoja na hayo, kuna biashara inayoitafuna hazina hii. Viazi vya okidi huchimbwa katika Nyanda za Juu Kusini na kuvushwa mpaka hadi Zambia, ambako husagwa na kuchanganywa na karanga kutengeneza chakula kiitwacho chikanda.

Simlaumu mchimbaji anayetafuta ada ya mtoto. Ninachomwomba ni tupige hesabu pamoja. Anayechuma kahawa huuacha mti shambani, na mwakani atachuma tena. Anayechimba okidi huondoka na mmea mzima. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi, hazina akiba ya chakula, na haziwezi kuota bila kupata kuvu maalumu udongoni. Hupita miaka kadhaa kabla ya mche kutoa ua. Kwa lugha ya sokoni, huko ni kula mtaji, wala si faida.

Ndani ya hifadhi wapo askari. Lakini okidi na maua mengine ya asili yapo pia kwenye malisho, mabondeni na mipakani mwa mashamba yetu. Huko mlinzi ni familia yenyewe, na kazi hiyo haihitaji mkopo wa benki.

Kwanza, tengeni kipande cha hatua kumi kwa kumi mahali maua yanapoota. Kiwekeeni mambo, kisha msikilime, msikichome moto wala kulishia mifugo. Kila Februari watoto wahesabu maua na kuandika idadi kwenye daftari. Baada ya miaka mitatu mtajua kama mali yenu inaongezeka au inapungua.

Pili, watoto wachore kila ua bila kulichuma, na bibi au babu awape jina lake kwa Kikinga, Kisafwa au Kinyakyusa. Ni vigumu kumshawishi mtoto auze kitu anachokijua kwa jina.

Tatu, acheni ukanda wa maua ya asili pembeni mwa shamba na kutundika mzinga karibu. Nyuki watapata chakula, nanyi mtapata asali, na parachichi zitachavushwa vizuri. Mkitaka kuongeza maua, chukueni mbegu za yale yanayoota kwa urahisi, tena kutoka ardhi yenu wenyewe, kwani kung'oa mimea hifadhini ni kosa la jinai.

Wapo watakaosema maua hayaliwi. Lakini mgeni anayefika Kitulo wakati wa mvua hufuata maua. Analala nyumba ya wageni, anakula mgahawani na anamlipa kijana anayemwongoza. Maua yakiisha, hana sababu ya kupanda mlima ule wenye baridi.

Samaki mkunje angali mbichi. Mvua zijazo zisitukute na majembe mikononi, bali na watoto wetu wakiwa na daftari na penseli.