Mkanda mweusi si lengo la mwezi huu

Ukimuuliza kijana anayeanza karate au judo anataka nini, jibu ni moja: mkanda mweusi. Muulize leo baada ya Alasiri anakwenda kujifunza nini, hana jibu. Hapo ndipo penye tatizo, na sisi wazazi tunalichangia. Tunalipa ada, tunanunua nguo za mazoezi, kisha kila mwezi tunauliza: "Mkanda utabadilika lini?" Hatuulizi mtoto amejua nini.

Matokeo tunayaona majumbani. Mmoja anakazana miezi mitatu, haoni mabadiliko, anaacha. Mwingine anarusha mateke ya juu kabla viungo havijazoea, anavuta msuli na kukaa nje wiki kadhaa.

Ndugu msomaji, mikanda haikuwekwa kwa ajili ya pupa. Jigoro Kano alianzisha judo mjini Tokyo mwaka 1882, na muda mfupi baadaye akaweka madaraja ya wanafunzi. Mwaka 1924 Gichin Funakoshi aliutumia utaratibu huo katika karate. Mikanda ya rangi nyingi ilienea baadaye Ulaya, na kazi yake ni kumpa anayeanza vituo vya karibu katika safari ndefu. Mkanda, basi, ni kituo tu. Na kati ya kituo na kituo kuna hatua ambazo lazima mtu azihesabu mwenyewe.

Wataalamu Edwin Locke na Gary Latham, katika kitabu chao cha mwaka 1990, walikusanya tafiti nyingi kuhusu malengo. Zilionesha kuwa mtu mwenye lengo mahususi na gumu kiasi, alilolikubali mwenyewe na anayeelezwa maendeleo yake, hufanya vizuri kuliko anayeambiwa tu "jitahidi uwezavyo". Tafiti zilizofuata zikaongeza jambo muhimu: katika fani mpya na ngumu, anayeanza hufaidika zaidi akilenga kujifunza namna ya kufanya kuliko kulenga ushindi.

Sasa tufanye nini? Kwanza, lengo liwe moja kwa mwezi na liandikwe kwenye daftari. Kwa mfano: kuanguka salama upande wa kushoto, kidevu kikiwa kifuani na mkono ukipiga mkeka, mara 10 mfululizo bila kosa, mwalimu akishuhudia. Hilo linapimika. "Kuwa hodari" halipimiki.

Pili, lengo liwe mikononi mwa mtoto. Kushinda shindano kunategemea na mpinzani, lakini kurudisha mikono kujikinga uso baada ya kila teke kunamtegemea yeye.

Tatu, kila wiki daftari lifunguliwe. Kilichofikiwa kiwekewe alama. Kilichoshindikana kipunguzwe au kibadilishwe njia, kwa ushauri wa mwalimu, bila kumkaripia mtoto.

Nne, afya iwe sehemu ya malengo. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10, na asiyelala hushika mafunzo kwa shida. Nguo zifuliwe kila baada ya mazoezi, kucha zikatwe, na mtoto aoge mara anaporudi. Fangasi wa ngozi huambukizwa kwa urahisi kwa wanaokamatana na kutumia mikeka pamoja, na mwenye nao hulazimika kukaa kando mpaka apone. Siku za namna hiyo ni hasara ambayo sabuni na maji vingeweza kuizuia.

Wapo watakaosema haya ni mambo madogo mno. Lakini haba na haba hujaza kibaba. Leo mtoto akirudi mazoezini, tusimuulize habari za mkanda. Tumuulize: "Umejifunza nini, na kesho utarekebisha nini?" Siku atakapojibu bila kusita, tujue anapiga hatua, na mkanda utakuja kwa wakati wake.