Swichi Isiyozima: Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Nakuandikia kuhusu swichi moja ndogo, ile ya alteneta kwenye dashibodi ya ndege ndogo. Katika baadhi ya ndege ambazo watu wamejiundia wenyewe, swichi hiyo haizimi kitu siku inapohitajika.

Chanzo ni alteneta ya gari. Ni nyepesi, bei yake nafuu, spea zake zinapatikana, na waundaji wa ndege huipendea hayo, siwalaumu. Regulata yake, ambayo mafundi wa magari huiita katauti, imefichwa ndani ya alteneta yenyewe. Kazi yake ni kuipimia umeme rota, ile sumaku ya umeme inayozunguka ndani ya alteneta, ili mfumo wenye betri ya volti 12 ubaki kwenye volti 14 na ushee. Transista ya ndani ikipiga shoti, rota inapata umeme wote uliopo. Volteji inapanda, nayo alteneta inazidi kujilisha kwa volteji ileile iliyopanda. Injini ya ndege haina foleni ya kuipunguzia mwendo. Betri hujitahidi kuimeza ziada kwa muda, huku ikichemka. Redio na skrini hazina ubavu huo.

Rubani anazima swichi. Wapi! Kwenye alteneta za aina hii waya wa swichi huiambia tu regulata iamke au ilale, na iliyokufa haisikii. Rota inaendelea kuchota umeme humohumo ndani.

Alteneta yenye regulata ya nje haina tabu hii. Waya wa rota hupita kwenye breka, mara nyingi ya ampea 5, na kifaa kinachohisi volti kama 16 huiangusha breka hiyo papo hapo. Regulata ikiwa ndani, inabidi ukate kwa rilei ule waya mnene unaotoka kwenye alteneta. Hapo napo pana mtego: ukiikata alteneta nzima ikiwa imebeba mzigo, volteji upande wake huruka ghafla, pengine ikakaribia volti 100, na kuiua regulata iliyokuwa haina kosa. Namjua mwenye ndege aliyependa kuizima na kuiwasha swichi yake injini ikinguruma, kwa kujaribu tu. Alinunua alteneta mbili kabla ya kukubali kwamba muuaji ni kidole chake.

Kanuni za Marekani za ndege ndogo, Sehemu ya 23, kwa miaka mingi zilitaka kila jenereta iwe na kinga ya volteji kupita kiasi. Lakini hizo ni za ndege za kiwandani; aliyejiundia hazimbani. Na siku hizi injini nyingine huwashwa kwa elektroniki badala ya magneto, kwa hiyo volteji ikiunguza vifaa, injini nayo inaweza kuzimika.

Ombi langu ni hili. Kabla ya kutia saini kibali cha ndege ya kujiundia yenye alteneta ya gari, mkaguzi wako aombe mchoro wa waya, na mwenye ndege aweke kidole pale umeme wa alteneta utakapokatwa regulata ikiwa imekufa. Kisha kinga hiyo ijaribiwe chini, injini imezimwa, kwa umeme wa karakana unaopandishwa taratibu hadi volti 16 na ushee, rilei iachie mbele ya macho ya mkaguzi. Asiyeweza kuonyesha pa kukatia, asiruke.

Wako,
Fundi umeme wa ndege ndogo