Jela si Dawa ya UKIMWI

Mialoni hapa Mwanza husikika maneno haya: anayeambukiza wenzake UKIMWI kwa kusudi afungwe. Sheria ipo. Mwaka 2008 Bunge lilipitisha Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI, na kifungu cha 47 kikaweka kifungo cha miaka 5 hadi 10. Hata mkoloni alituachia kifungu cha 179 cha Kanuni ya Adhabu, juu ya mtu anayeeneza maradhi ya hatari kwa uzembe.

Hatumtetei mwovu. Lakini tuulizane, ni nani atakayenaswa? Huwezi kumshitaki mtu kwa kukusudia kuambukiza gonjwa asilojua kuwa analo. Basi aliyepima ndiye aliye hatarini. Na ni nani hupima kwanza? Ni mama mjamzito, maana kliniki humpima. Mume yuko ziwani akivua sangara, leo Ukerewe, kesho Kome, hajatoa hata tone la damu. Sheria ile ile inamtaka mama amwambie mwenzi wake mara moja. Akisema, mume atapiga kelele kwamba ameuawa. Akinyamaza, ana hatia. Mwenye kujua afungwe, asiyetaka kujua atembee kifua mbele! Haki gani hiyo?

Sisi wa Mwanza tunayo hoja iliyosikika duniani kote. Kati ya mwaka 1991 na 1994, katika vijiji vya mkoa huu, watumishi wa zahanati na vituo vya afya walifundishwa kutibu barabara kisonono, kaswende na magonjwa mengine ya zinaa, na dawa zikaletwa. Vijiji hivyo vilipolinganishwa na vile vilivyokuwa bado havijapata huduma hiyo, maambukizo mapya ya VVU yalikuwa pungufu kwa karibu asilimia 40. Hakufungwa mtu. Na siku hizi mwenye VVU anayemeza dawa zake kila siku mpaka virusi visionekane katika damu hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Lakini dawa hiyo hapewi ila aliyekubali kupima.

Jirani zetu wa Kenya waliliona hilo mahakamani: mwaka 2015 Mahakama Kuu ilikitangua kifungu cha 24 cha sheria yao ya namna hii, kwa kuwa maneno yake hayakuwa wazi.

Wabunge wetu watakapokuja kuomba kura, waulizwe juu ya kifungu cha 47. Tena waulizwe, boti yenye vipimo na dawa hufika mara ngapi katika kambi za wavuvi?