Taa isiyowaka ndiyo ya kuogopa

Ndugu zetu wa Lubumbashi mnaokuja Durban kununua magari yaliyotumika kutoka Japani, hili linawahusu. Afrika Kusini yenyewe hairuhusu magari hayo kusajiliwa hapa bila kibali maalum. Yanashushwa bandarini kwenda kaskazini. Ukishavuka mpaka wa Beitbridge, ubovu ni wako.

Wengi hukagua rangi na redio, na wakiona dashibodi haina taa hata moja wanafurahi. Haitoshi! Fungua swichi bila kupiga stata. Taa ya injini, ya betri na ya oili (ile kama birika) lazima ziwake, kisha zizimike injini ikishanguruma. Isiyowaka kabisa huenda imechomolewa balbu au imezibwa kwa utepe, na muuzaji hafanyi hivyo bure.

Ya spana hainitishi, mara nyingi inahesabu kilometa tu kukumbusha sevisi. Ya njano, muone fundi mapema. Lakini birika jekundu likiwaka njiani, ingia pembeni uzime injini papo hapo. Presha ya oili imeshuka, na safari ni zaidi ya kilometa 2,000. Ongeza oili, taa ikibaki, tafuta wa kukuvuta, hata akikutoza bei ya kuruka.