Stelingi Asiyekufa Hatufundishi Haki

Stelingi hafi. Msemo huu anaujua kila mpenzi wa picha, kuanzia Amu mpaka Faza. Walikuwa nao wazee waliokwenda kuangalia picha za Kihindi katika majumba ya sinema ya Mombasa, na anao leo kijana anayeangalia Spider-Man kwenye simu, ameegemea ukuta pale Mkunguni. Zamani ulikuwa msemo wa mzaha. Siku hizi umegeuka biashara kubwa.

Chukua mfano wa Iron Man. Picha ya kwanza ilitoka mwaka 2008. Kufikia mwaka 2019, katika Avengers: Endgame, stelingi huyo akafa na kuzikwa, na watu wakalia kweli. Picha hiyo ikaingiza zaidi ya dola bilioni 2.7. Basi mwaka 2024 ikatangazwa kwamba mchezaji yule yule, Robert Downey Jr., atarudi, safari hii akiwa adui! Wahindi nao hawakubaki nyuma. Koi... Mil Gaya ya mwaka 2003 ilizaa Krrish mwaka 2006, nayo ikazaa Krrish 3 mwaka 2013. Nguvu za yule baba alizopewa na kiumbe wa anga zikarithiwa na mwana kama shamba la minazi.

Sisemi picha hizi hazina raha. Zina raha, tena nyingi, na mwandishi wa makala haya ni mmoja wa wanaozisubiri. Wala kosa lao si uwongo, kwani hadithi zetu nazo zina chumvi yake. Fumo Liyongo, shujaa wa mwambao huu, hakuwa mtu wa kawaida. Silaha haikumdhuru isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, na aliyemchoma nayo ni mwanawe wa kumzaa. Lakini Liyongo alikufa. Alipiga goti kisimani, upinde mkononi, na watu wakaogopa kumkaribia wakidhani yu hai. Hakuna aliyetunga sehemu ya pili ya kumfufua. Ndiyo maana hata leo usaliti ule unatuuma.

Hilo ndilo linalokosekana katika picha hizi za kuendelea na kuendelea. Kama kifo si kifo, basi hata ushujaa si ushujaa, maana aliyejitolea hakutoa kitu. Ukitaka ushahidi, tazama Black Panther: Wakanda Forever ya mwaka 2022, ambayo pia ameicheza Mkenya mwenzetu Lupita Nyong'o. Picha ile ilimgusa mtazamaji kuliko nyingi za jamaa zake. Kwa nini? Chadwick Boseman, aliyekuwa stelingi wa picha ya kwanza, alikuwa amefariki dunia kweli mwaka 2020. Matanga yaliyomo mle hayakuwa ya kuigiza tu.

Sasa tugeukie picha za kesi, hasa zile za kesi zilizotokea kweli. Humo hamna anayeruka angani. Mna kizimba, jaji, wakili, na mtu mnyonge ambaye silaha yake ni maneno yake na ushahidi wake. Sisi wa pwani si wageni wa picha hizi. Awaara ya mwaka 1951, ambayo wazee wetu waliipenda sana, ni picha ya mahakamani: Nargis ndiye wakili, Raj Kapoor ndiye mshtakiwa, na anayedaiwa kudhuriwa ni jaji ambaye ni baba wa mshtakiwa huyo. Hiyo ilikuwa hadithi tu. Za kweli zina uzito zaidi.

Mfano mzuri kwetu Waislamu ni Lion of the Desert ya mwaka 1981, iliyoongozwa na Moustapha Akkad, yule yule aliyetutengenezea The Message. Humo Anthony Quinn anamwigiza Omar Mukhtar, mwalimu wa Kurani aliyekuwa na umri wa zaidi ya miaka 70. Waitalia walimfanyia kesi Benghazi tarehe 15 Septemba 1931, na kesho yake wakamnyonga. Mtazamaji anajua mwisho kabla ya taa kuzimwa, na bado hawezi kuondoka. Haulizi kama stelingi atapona. Anauliza kama mzee yule atasema kweli mbele ya watu waliokwisha kumhukumu mioyoni mwao.

Kweli, picha hizi nazo hutia chumvi. Katika Amistad ya mwaka 1997, kesi ya Waafrika waliokombolewa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1841 ni ya kweli, lakini mtu aliyeigizwa na Morgan Freeman hakuwahi kuwapo. Rustom ya mwaka 2016 imetokana na kesi ya ofisa wa jeshi la wanamaji, Nanavati, huko Bombay. Picha inaishia pale wazee wa baraza wanapomwona hana hatia. Katika maisha, mahakama ya juu ilikataa uamuzi huo ikamfunga, na baadaye akasamehewa. Mtazamaji hana budi kuuliza: je, kesi iliishia hapo?

Swali hilo linatuhusu sisi wa Lamu kuliko tunavyodhani, maana tunazo kesi zetu. Mwaka 2012, mwaka ule ule jiwe la msingi la bandari mpya lilipowekwa, wavuvi na wenyeji walipeleka ombi Mahakama Kuu. Walisema uchimbaji wa bahari unaharibu matumbawe na mikoko, na kwamba hawakuelezwa wala kushirikishwa. Mwaka 2018 mahakama iliwapa haki, ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Tena mwaka 2019 baraza la rufani la mazingira likafuta kibali cha kujenga kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050 huko Kwasasi, kwa sababu wananchi hawakusikilizwa ipasavyo.

Je, kuna stelingi gani anayewashinda watu hawa? Mvuvi wa Kizingitini aache nyavu, asafiri mpaka Malindi, akaeleze habari za samaki mbele ya mawakili wa serikali! Dini yetu inatuhimiza kutoa ushahidi wa haki hata ukituumiza wenyewe. Hilo ndilo walilolifanya.

Wengine watasema kesi inachosha: makaratasi, tarehe kuahirishwa, miaka sita ya kungoja. Naam, inachosha. Na baada ya hukumu ya 2018 ukaja mvutano wa rufani, yakaja mazungumzo ya kulipana sehemu kwa fedha na sehemu kwa zana na miradi, na miaka ikapita wavuvi wangali wanadai. Lakini huo ndio mwendelezo wa kweli, nao una mambo zaidi ya Krrish 3. Picha itakayoishia siku ya hukumu kwa vigelegele itakuwa imetudanganya kama zile za stelingi asiyekufa.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Haki ya wavuvi hawa si fidia peke yake, ni pamoja na kukumbukwa. Kijana wa leo anaweza kukutajia majina ya Avengers wote bila kukosea, lakini muulize nani aliyesimama Malindi kwa ajili ya bahari anayoogelea. Waliosimama wengi ni wazee, nao si stelingi; siku yao ikifika hawatarudi katika sehemu ya pili. Simu zenye kamera zimejaa Amu, Pate na Siu. Wenye vipaji vya kutengeneza picha waanze sasa kuwarekodi wazee hao, neno kwa neno, kisha waandike mchezo. Spider-Man ana wenyewe wa kumtunza. Wavuvi wetu wana sisi tu.