Begi la Kyoto Halifungwi kwa Uvumi

Mtu akipata safari ya Japani, washauri huwa wengi kuliko wasindikizaji. Shangazi ambaye hajavuka Namanga anaijua baridi ya huko, na shemeji aliyewahi kupita Dubai anajua habari zote za umeme. Mwisho wa yote msafiri anafika Kyoto na masanduku mawili yaliyosheheni vitu vinavyouzwa kila kona ya mji ule, huku amesahau nyumbani vile ambavyo hata akizunguka mji mzima hatavipata.

Naichukua Kyoto kwa sababu uhusiano wake nasi ni wa siku nyingi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto walianza kuwafuatilia sokwe wa Mahale, Kigoma, mwaka 1965, na vijana wetu nao huenda kusoma huko. Msimamo wangu ni huu: beba kinachohusu mwili wako na kile ambacho sheria inakutaka uwe nacho. Mengine yote yako huko, na mengi ni ya bei nafuu. Tupitie ushauri unaosikika sana, dai moja baada ya jingine.

Dai la 1: "Umeshalipia mizigo miwili ya kilo 23, ijaze yote."

Anayekuruhusu kilo hizo ni mwenye ndege, na ndege haifiki Kyoto. Mji hauna uwanja wake. Wengi hushukia Kansai, uwanja uliojengwa juu ya kisiwa cha kutengenezwa katika ghuba ya Osaka, kisha hupanda treni ya Haruka kwa saa moja na robo hivi. Ukitokea Tokyo utapanda shinkansen, treni ya mwendo kasi. Humo, sanduku ambalo urefu, upana na kimo chake vikijumlishwa vinazidi sentimita 160 lazima ulikatie mapema kiti chenye nafasi ya mizigo mikubwa. Ukipanda nalo bila kufanya hivyo, unatozwa yeni 1,000.

Hapo bado hujafika unakofikia. Simama kwenye kituo cha mabasi mbele ya stesheni ya Kyoto asubuhi, utazame foleni ya basi namba 206 liendalo upande wa hekalu la Kiyomizu na mtaa wa Gion. Abiria wanapandia mlango wa nyuma na kushukia wa mbele, kila mmoja akitumbukiza yeni 230 kwenye kisanduku kando ya dereva. Mwenye sanduku kubwa akishaingia, njia ya katikati imezibwa, na anayetaka kushuka lazima aombe radhi mpaka mlangoni. Ukifika kwenye ngazi za mawe za Sannenzaka, upande huo huo, magurudumu hayana kazi tena. Ni kubeba begani. Chumba cha hoteli ya kawaida nacho ni kidogo kiasi kwamba sanduku likifunguliwa sakafuni, kwenda bafuni ni kuliruka.

Wenyeji walishalimaliza tatizo hili kwa takkyubin, huduma ya kusafirisha vifurushi ambayo kampuni ya Yamato, yenye nembo ya paka mweusi, iliianzisha mwaka 1976. Unaliacha sanduku kwenye kaunta uwanjani au hotelini, nalo kwa kawaida linakukuta kesho yake. Kwa hiyo funga sanduku moja la wastani, na begi la mgongoni lenye nguo za kubadili siku mbili.

Dai la 2: "Japani ni mitambo mitupu, pesa taslimu za nini?"

Kadi inapokelewa hotelini na kwenye maduka makubwa. Lakini nenda Kinkaku-ji, hekalu la dhahabu linalojaza kadi za posta: kiingilio ni yeni 500, na mahekalu mengi bado yanataka noti au sarafu dirishani. Migahawa midogo ya tambi ina mashine mlangoni inayokukatia tiketi ya chakula, na nyingi za mashine hizo hula fedha taslimu tu. Noti ndogo kabisa ni ya yeni 1,000, hivyo chenji yote iliyo chini ya hapo ni sarafu, nazo hujaa mfukoni kabla ya adhuhuri. Beba pochi ya sarafu. Ukifika kwa mwenye duka, usimkabidhi fedha mkononi. Kuna kisahani kidogo mbele yake, ziweke hapo, na chenji utaichukua hapo hapo.

Shilingi usiende nazo kwa matumaini ya kuzibadilisha. Nenda na dola au yeni, na uijulishe benki yako kwamba unasafiri. Mashine za kutolea pesa za Seven Bank zilizomo ndani ya maduka ya 7-Eleven hupokea kadi za nje. Pasipoti nayo isibaki hotelini: sheria ya Japani inamtaka mgeni wa matembezi awe nayo mwilini muda wote.

Dai la 3: "Beba chakula, wale wanakula vibichi tu."

Ushauri huu unaweza kukufikisha mahakamani. Nyama ya aina yoyote, iwe mbichi, kavu, soseji au sambusa za kuku alizokukaangia mama, haiingii Japani bila cheti cha ukaguzi cha serikali ya ulikotoka. Adhabu inaweza kufika kifungo cha miaka 3 au faini ya yeni milioni 3. Maembe yetu nayo yamepigwa marufuku kwa sababu ya nzi wa matunda.

Wala hakuna njaa ya kuikimbia. Kyoto ni mji wa wali, samaki wa kuchoma, tambi na tofu, na eneo la hekalu la Nanzen-ji linasifika kwa tofu ya kuchemsha. Mwislamu ana sababu ya kuwa makini, kwa maana mchuzi unaoonekana wa mboga huenda una mafuta ya nguruwe, na mirin, kiungo cha kila jiko, ina kileo. Lakini dawa ya hilo si mfuko wa vyakula. Andikisha karatasi ya Kijapani inayotaja usivyokula, uionyeshe kabla ya kuagiza. Kansai kuna vyumba vya kusalia, na Kyoto kwenyewe kuna msikiti.

Dai la 4: "Dawa beba nyingi, hata za kuwagawia wenzako."

Nusu ya kwanza ina ukweli, nusu ya pili ni hatari. Dawa zako za presha au kisukari zibebe, kwani daktari wa huko hatakuandikia kwa kutazama kopo tupu. Kiasi kisizidi cha mwezi mmoja. Zaidi ya hapo unahitaji kibali cha Wizara ya Afya ya Japani, unachokiomba kabla ya kusafiri. Ziache ndani ya pakiti zake, pamoja na barua ya daktari.

Wanaonaswa ni wale wenye dawa za kawaida za mafua na kikohozi. Dawa yenye pseudoefedrini inayozidi asilimia 10 haiingii bila kibali cha mapema, na yenye kodeini inayozidi asilimia 1 inahesabiwa kuwa ya kulevya. Dawa zenye amfetamini hazipiti hata kwa cheti cha daktari. Soma kibandiko. Na homa ikikupata ukiwa huko, mwambie daktari mara moja kwamba unatoka nchi yenye malaria. Ugonjwa huo si wa kila siku kwao, na asipoambiwa huenda asiufikirie.

Dai la 5: "Vipodozi utanunua huko, Japani ndiyo kwao."

Kampuni kama Shiseido, iliyoanza mwaka 1872, ina sifa yake. Tatizo ni kwamba rafu za huko zimepangwa kwa ngozi na nywele za wateja wa huko. Mafuta ya nywele za kipilipili, rasta za kusukia na poda ya rangi yako ni kazi kuvipata kwenye duka la mtaani Kyoto. Hivi ndivyo vya kubeba, na vya kutosha. Sabuni, dawa ya meno na mswaki viache; hoteli nyingi hukupa mswaki, taulo, ndala na hata vazi la kulalia.

Dai la 6: "Umeme ni umeme, adapta yoyote itafaa."

Soketi za Japani zina matundu mawili ya bapa, na umeme wake ni volti 100, chini ya nusu ya wetu. Chaja za simu na kompyuta nyingi zimeandikwa 100–240, basi hizo zinahitaji adapta tu. Nunua yenye miguu miwili, kwa sababu soketi nyingi hazina tundu la tatu. Pasi na mashine ya kukaushia nywele za volti 230 zitapata uvuguvugu tu. Ziache nyumbani, uombe za hoteli.

Dai la 7: "Japani ni baridi, chukua koti zito."

Mwezi gani? Kyoto iko bondeni, imezungukwa na milima pande tatu, na Agosti joto hutuama humo kama mvuke ndani ya chungu kilichofunikwa. Vipimo huvuka nyuzi 35 mara nyingi, na mtu wa Dar au Mombasa aliyezoea upepo wa bahari atalalamika kama mwingine. Januari usiku unakaribia sifuri, na nyumba za zamani za mbao hupitisha baridi sakafuni. Wakati wa maua ya mcheri, mwanzoni mwa Aprili, mchana ni wa shati na jioni ni ya sweta. Beba nguo nyepesi za kuvaliwa moja juu ya nyingine. Mwavuli usibebe hata kwa msimu wa mvua wa Juni na Julai; ule wa plastiki angavu unauzwa kila duka dogo la saa 24.

Dai la 8: "Vaa viatu vya heshima, unawakilisha nchi."

Heshima ya Kyoto huanzia pale unapovivua. Kwenye jumba la Ninomaru, ndani ya ngome ya Nijo, viatu vinabaki mlangoni na unatembea kwa soksi juu ya sakafu ya mbao inayolia kama ndege kila unapokanyaga. Mahekalu mengi, nyumba za wageni za kienyeji na baadhi ya migahawa ni hivyo hivyo. Buti za kamba ndefu zitakuchelewesha mara tano kwa siku. Beba viatu vya kutumbukiza mguu, vilivyokwisha kuuzoea mguu wako, na soksi zisizo na tundu. Mwanamume wa namba 45 na kuendelea asitegemee kununua huko. Maduka mengi ya kawaida hayafiki saizi hiyo.

Dai la 9: "Usisahau kopo la chooni."

Lisahau. Hoteli, stesheni kubwa na maduka ya Kyoto yana vyoo vyenye kitufe cha kurusha maji, teknolojia ambayo kampuni ya TOTO iliisambaza tangu 1980. Kinachokosekana ni cha kukaushia mikono, kwa hiyo kila Mjapani ana leso mfukoni; nawe uwe nayo. Ongeza mfuko mdogo wa taka, maana mapipa ya mitaani ni ya kutafuta na taka zako utarudi nazo hotelini.

Ukiondoa kopo, pasi, mwavuli, koti la Agosti na sambusa, sanduku lina nafasi. Ijaze zawadi, kwa sababu Wajapani hawaendi kwa mtu mikono mitupu, na mwenyeji wako atakuwa amekuandalia yake. Kahawa ya Tanzania iliyokaangwa inapita forodhani bila shida, tena wengi huko wanaijua tayari kwa jina la Kilimanjaro. Kanga nazo ni nyepesi, hazivunjiki. Mgeni njoo, mwenyeji apone.